Mitaro ya Kayole ina habari
Machi 2018, sampuli ya maji taka iliyochotwa Eastleigh, Nairobi, ilikutwa na kirusi cha polio, bila mtoto yeyote jijini kuonekana amepooza. Hiyo ndiyo sayansi ninayoithamini: mtu anachota uchafu, maabara inaupima, kisha wachanjaji wanabisha hodi nyumba kwa nyumba. Kirusi hiki huzaana utumboni na kutoka na kinyesi, na wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote; kwa hiyo kungoja mgonjwa ni kuchelewa. Hapa Kayole, hasa upande wa Soweto, watoto huingia mitaroni kufuata mipira yao. Sampuli za mitaro hii nazo zipimwe mfululizo, na majibu yasomwe kwenye baraza la chifu, kwa Kiswahili, wazazi wakiwapo na wakiuliza maswali.