Kulanti iliyobaki isimfikie mtoto

Novemba ikifika Minnesota, Marekani, pikipiki nyingi huingizwa gereji na hazitoki hadi Aprili. Baridi ya huko hushuka hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, na kuna usiku inazidi. Kwa familia za Wakenya na Watanzania waliohamia Minneapolis na miji ya jirani, kuiandaa pikipiki kwa baridi ni kazi ngeni. Boxer waliyoizoea nyumbani haina maji. Injini yake hupozwa na upepo tu. Huko pikipiki nyingi kubwa zina rejeta kama gari.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Yakigandia ndani ya injini hayana pa kwenda, hivyo hupasua chuma. Ndiyo sababu rejeta hutiwa kulanti badala ya maji matupu. Kulanti nusu na maji nusu huhimili baridi ya hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Ajabu ni kwamba kulanti tupu, isiyochanganywa, huganda mapema zaidi, karibu nyuzi 13 chini ya sifuri. Kwa hiyo anayedhani akiacha maji kabisa ndiyo amelinda zaidi, amekosea.

Baba akimaliza kazi hiyo, injini imepona. Lakini kuna beseni la kulanti ya zamani sakafuni, na kuna iliyobaki, ambayo mara nyingi humiminwa kwenye chupa ya soda ili isipotee.

Mazoea hayo yanafahamika. Hospitali za Afrika Mashariki zimepokea watoto wengi waliokunywa mafuta ya taa yaliyohifadhiwa hivyo hivyo. Ila mafuta ya taa yana harufu kali. Kulanti ina rangi ya kijani, chungwa au waridi kama juisi, na kemikali yake kuu, ethilini glikoli, ni tamu. Kwa mtoto mdogo, hata funda moja ni dharura.

Kinachowapoteza wazazi ni dalili za mwanzo. Mtoto huyumba, huongea ovyo, husinzia au hutapika, kama mtu aliyelewa. Wengine huonekana kutulia baada ya hapo, na mzazi akashukuru Mungu. Kumbe wakati huo ini linaigeuza kemikali ile kuwa asidi. Asidi huchafua damu, huathiri moyo na kupumua, na ndani ya siku moja hadi tatu fuwele ndogo hujikusanya kwenye figo. Mkojo hupungua, au hukatika kabisa.

Tiba ipo. Ni dawa ya kuzuia ini lisiigeuze kemikali hiyo, na ikibidi mtoto husafishwa damu kwa mashine. Lakini dawa hiyo husaidia zaidi kabla asidi haijatengenezwa, kwa hiyo kusubiri dalili ni kupoteza saa ambazo mtoto hana. Usimtapishe, wala usimpe maziwa au maji ya chumvi kama bibi alivyofundisha. Aliye Marekani apige 1-800-222-1222, kituo cha sumu kinachopokea simu bure saa 24, na anaweza kuomba mkalimani. Mtoto akipoteza fahamu, akipata degedege au akishindwa kupumua, piga 911. Chukua na chupa yenyewe, ili daktari asome kilichomo.

Tangu 2012 watengenezaji wa Marekani walikubaliana kutia kitu kichungu kwenye kulanti. Ni hatua njema, ila mtoto huugundua uchungu akiwa ameshaonja, na chupa za zamani bado zipo kwenye magereji. Ipo pia kulanti ya propilini glikoli, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Kama kitabu cha pikipiki kinairuhusu, mwenye watoto ainunue hiyo. Iliyobaki ikae kwenye chupa yake ya dukani, kifuniko kimekazwa, ndani ya kabati lenye kufuli. Iliyomwagika ifutwe papo hapo, kwani mbwa na paka nao huilamba na kufa.

Wapo pia wanaoiwasha pikipiki kila wiki katikati ya baridi, gereji ikiwa imefungwa, eti injini isilale sana. Hapo hatari ni ya nyumba nzima. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi. Haina harufu wala rangi, na huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, mtu akadhani ni mafua. Kufungua mlango wa gereji hakutoshi, hasa kama chumba cha watoto kiko juu yake. Betri iachiwe chaja yake ndogo, pikipiki ibaki imezimwa, na nyumba iwe na kengele ya kugundua gesi hiyo.

Na lile beseni la kulanti ya zamani lisimwagwe uani wala kwenye mtaro. Kaunti ya Hennepin, ambako Wakenya wengi wanaishi, ina vituo vya kupokea taka za sumu Brooklyn Park na Bloomington. Ipelekwe siku hiyo hiyo inapotolewa kwenye rejeta, au ifungiwe kabatini hadi kituo kifunguliwe.