Mwatate Tuko na Kaunti, Sasa Madaki Watatoka Wapi?

Manze, cheki hii hesabu. Mwatate ndiyo makao makuu ya Taita Taveta, lakini ukizidiwa, hosi ya rufaa iko Voi, zaidi ya kilomita 20. Chuo kikuu tunacho Ngerenyi, kilipata hati 2016, ila kinajulikana zaidi kwa mambo ya madini.

Sasa angalia Eldoret. 1989 Chuo Kikuu cha Moi kiliungana na Indiana ya Marekani, na 2001 wakaanzisha AMPATH kupambana na Ukimwi. Usidhani ni doo ya majuu tu. Chuo na hospitali hupiga kazi pamoja, na wanafunzi wa udaktari hutumwa vituo vya afya vya mashambani wakiwa bado wanasoma. Mtu wa ocha anahudumiwa, daki naye anajua maisha ya ocha kabla hajaanza kazi.

Sisi hatuhitaji kungoja jengo jipya. KMTC iko Voi tayari. Wanafunzi wake wakipewa zamu Mwatate, nyumba na msimamizi, wengine watabaki. Lakini lazima walipwe wakimaliza. 2024 madaktari waligoma siku 56, na pesa za madaki wanagenzi zilikuwa kiini cha noma.

Kwa hivyo kaunti ikiitisha kikao cha bajeti, usiwaachie wazee peke yao. Ingia na mbogi yako, muulize swali moja: mwaka huu mmetenga ngapi ya kufunza na kuajiri vijana wetu hospitalini?