Pasi Si Tiketi: Neno kwa Wenye Ndugu Wanaofanya Kazi Uwanja wa Ndege

Neno la leo ni la kifamilia, na najua wako watakaonikasirikia. Nimeamua kulisema mapema, kabla Desemba haijafika na simu hazijaanza kulia.

Wengi wetu tuna mtu wetu kule ng'ambo. Kijana wa shangazi anapakia mizigo Dallas. Dada yetu wa kwaya, yule wa sauti ya pili, siku hizi yuko getini Atlanta anakagua tiketi. Mwingine anasafisha ndege usiku kule Newark. Mashirika yao huwapa wafanyakazi pasi za wageni, wenyewe huziita badi pasi. Ni safari chache kwa mwaka ambazo mfanyakazi anaweza kumpa rafiki au jamaa, asafiri kwa bei ya chini, kama kiti kitabaki. Lakini habari hiyo ikishafika kijijini inageuka. Inakuwa, "Fulani anaweza kutupeleka Marekani bure." Na akisema haiwezekani, inakuwa, "Huyo alibadilika tangu aende."

Ndugu yangu, hajabadilika. Wewe ndiwe hujui unachoomba.

Nisikie vizuri. Ile pasi ni sehemu ya malipo ya kazi yake. Shirika limemwambia: mshahara wako ni huu, bima yako ni hii, na safari zako ni hizi. Ukimwomba pasi, umemwomba kipande cha mshahara, na zaidi ya hapo umemwomba akuweke wewe kwenye faili yake kazini. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usiiombe. Akikupa mwenyewe, shukuru, kisha safiri ukijua kwamba umebeba kazi ya mtu mkononi.

Tuanze na hilo neno "bure". Si bure. Mgeni hulipa nauli iliyopunguzwa, mara nyingi kwa kuhesabu umbali, pamoja na kodi na ada za viwanja. Ukiondokea London, kwa mfano, serikali ya Uingereza ina kodi yake ya abiria inayopanda kadiri unavyoenda mbali. Halafu kuna jambo ambalo jamaa wengi hawajawahi kuambiwa. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mfanyakazi wa shirika la ndege asafiri kwa faida hii, yeye, mwenzi wake, watoto wanaomtegemea na wazazi wake, bila thamani ya safari kuhesabiwa kuwa mapato. Binamu hayumo. Rafiki wa utotoni hayumo. Mchungaji pia hayumo, nimeangalia. Kwa hao wengine, thamani ya safari yaweza kuongezwa kwenye mapato ya mfanyakazi, naye akakatwa kodi. Wewe umefika Chicago unapiga picha, yeye anasoma karatasi ya mshahara na kujiuliza kwa nini umepungua.

Sasa kiti chenyewe. Tiketi uliyonunua ni ahadi ya nafasi. Pasi ni ruhusa ya kungoja. Unaandikishwa kwenye orodha, unakuja uwanjani kama abiria mwingine, unapita ukaguzi, unaketi getini na kutazama watu wakiingia. Kwanza wanaingia wote waliolipa. Wafanyakazi wanaosafirishwa kwa kazi, kwa mfano marubani wanaokwenda kurusha ndege nyingine, wana viti vyao. Kisha wanakuja wafanyakazi walio likizo, familia zao, wastaafu. Mashirika mengine hupanga orodha kwa miaka ya utumishi, mengine kwa saa uliyojiandikisha. Mgeni wa pasi, karibu kila mahali, yuko chini kabisa. Unaweza kuwa wa kwanza kufika uwanjani na wa mwisho kuitwa.

Dreamliner ya Kenya Airways ina viti 234. Vikijaa vimejaa. Ndege haina sambaza, hakuna makanga wa kusema songeni kidogo. Na wakati mwingine vitakuwepo viti vitupu unavyoviona kwa macho yako, na bado usiitwe, kwa sababu ndege imefikia uzito wake. Uwanja wetu wa JKIA uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na jua likiwa kali inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo ndege nzito inayokwenda mbali haiwezi kunyanyuka na kila kitu ambacho ingenyanyuka nacho kutoka Mombasa. Hapo mgeni wa pasi ndiye anayeachwa. Hata ukiwa umeshaketi na kufunga mkanda, akitokea aliyelipa dakika ya mwisho, unaweza kuombwa ushuke. Utashuka, tena kwa upole.

Niliwahi kusikia mtu akiomba kwa sauti afunguliwe kiti. Mimi sikatazi mtu kuomba, kazi yangu ni kuhimiza maombi. Lakini fikiria kidogo kiti hicho kinafungukaje. Kinafunguka kwa sababu mtu aliyelipa nauli kamili amekwama kwenye foleni, au ndege yake ya kwanza imechelewa, na huenda naye anakimbilia mgonjwa wake. Kibali chako ni hasara ya mwenzako. Omba uvumilivu, mpendwa, na ubebe pesa za hoteli.

Kwa sisi wa Kenya kuna mtego mwingine. Delta, United na American, ambako wengi wa ndugu zetu wanafanya kazi, hazileti ndege Nairobi. Delta ilijiandaa kuanza Juni 2009, safari ikazuiwa dakika za mwisho kwa sababu za usalama. Ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tuliipata tarehe 28 Oktoba 2018, nayo ni ya Kenya Airways. Maana yake ni kwamba pasi ya Delta itakufikisha Amsterdam, labda, na kutoka hapo unahitaji tiketi uliyonunua. Ukikosa kiti siku ya Jumanne, na tiketi yako ya Amsterdam kwenda Nairobi ni ya Jumatano asubuhi, ile ndege nyingine haitakungoja. Hawakujui. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, na pesa zimekwenda. Na ukifika Amsterdam ukakwama, bila viza ya Schengen huwezi kutoka ukalale mjini. Utalala kwenye viti vya uwanja, ukihesabu chaji ya simu.

Hapa nataka kusema na kamati za mazishi, na naomba msome polepole.

Mama amelala. Mtoto wake yuko Minnesota. Kikundi cha WhatsApp kimefunguliwa, mchango umeanza, kuna bajeti ya jeneza, hema, chakula, basi la kwaya, mtu wa video. Ikifika tiketi ya mtoto, mzee mmoja anasema, "Si binamu yake yuko ndege? Ampatie pasi, tupunguze gharama." Watu wote wanaitikia, na binamu, ambaye hakuulizwa, anaongezwa kwenye kikundi ili ajulishwe. Mazishi ni Ijumaa. Tangazo limeshatoka redioni.

Mmefanya nini hapo? Mmechukua siku ambayo haitarudi tena na kuiweka juu ya kiti ambacho huenda kisiwepo. Mtoto anaondoka Jumatatu na moyo uliovunjika, anaketi getini, haitwi. Jumanne haitwi. Jumatano anapata hadi Amsterdam. Alhamisi anapiga simu akilia, na kamati inaanza kubishana kama jeneza lisubiri. Na kwa miaka yote itakayofuata, binamu wa watu ndiye atakayebeba lawama: "alishindwa kumfikisha." Alishindwa? Aliwapa alichonacho. Ninyi ndio mliokitumia mahali pasipo pake.

Kamati, changeni tiketi. Hata kama ni kupunguza hema moja, hata kama video itachukuliwa kwa simu ya kijana wa vijana. Mtoto kumzika mama yake hakuwezi kuwa jambo la kama nafasi itabaki. Vivyo hivyo arusi, mahojiano ya viza, siku ya kwanza chuoni, miadi ya hospitali. Chochote chenye tarehe, kinunulie tiketi. Pasi ni ya mtu ambaye akifika Alhamisi badala ya Jumanne hakuna kitakachoharibika. Kama unataka kwenda kumwona mjukuu tu na huna haraka ya kurudi, hapo pasi ni zawadi nzuri sana, na nitafurahi pamoja nawe.

Na ukipewa, jiheshimu. Machi 2017, kwenye uwanja wa Denver, wasichana wawili waliokuwa wakisafiri kwa pasi za United kwenda Minneapolis walizuiwa kupanda kwa sababu walivaa suruali zile za kubana ngozi. Mtandao uliwaka moto. Shirika likaeleza kwamba mteja aliyelipa yuko huru kuvaa hivyo, lakini mwenye pasi anahesabiwa kuwa anawakilisha kampuni, na ana kanuni zake. Unaweza kuona kanuni hiyo ni ngumu. Mimi pia naona ilikuwa ngumu kwa wasichana wadogo. Lakini si wewe wa kwenda kuibishia getini, kwa sababu jina litakaloandikwa kwenye ripoti si lako. Ni la yule aliyekuandikisha. Mashirika yanaweza kumnyang'anya mfanyakazi faida za safari kwa makosa ya mgeni wake, na kosa likiwa kubwa, hata kazi. Mke wake na watoto wake wanakaa bila kusafiri kwa sababu wewe ulimfokea mtu wa getini.

Kwa hiyo vaa nadhifu. Beba mzigo mdogo wa mkononi, maana sanduku ulilolikabidhi na wewe mwenyewe mnaweza kuishia miji tofauti. Usiombe kupandishwa daraja. Usiketi karibu na mtu aliyelipa nauli kamili ukaanza kumhadithia ulilipa ngapi. Usimsumbue karani kila dakika tano, jina lako analiona kwenye skrini. Na usimpigie simu ndugu yako saa nane za usiku kumwuliza "umefikia wapi na kiti changu," kana kwamba ndege ni yake. Yeye kule hana mamlaka juu ya kiti kimoja, hata kama ana kitambulisho shingoni.

Kuna hili pia. Ukiona mtu kwenye vikundi anauza pasi za ndege "nusu bei, lipa kwa M-Pesa leo", kimbia. Mashirika hayo yanamkataza mfanyakazi kuuza pasi, na akigundulika anafukuzwa. Kwa hiyo anayeuza ama ni tapeli asiye na pasi yoyote, ama ni mfanyakazi anayeiba kwa mwajiri wake na kukufanya wewe mshirika. Ukifika getini na kuulizwa unamjuaje aliyekuandikisha, utajibu nini? Mlipe ndugu yako gharama halisi alizotoa, mpelekee kahawa na majani chai ya Kericho kama shukrani, lakini usiigeuze pasi biashara.

Namalizia na wewe uliye kule, unayesoma hii ukiwa umevaa lile koti la kung'aa gizani, mapumziko ya dakika kumi na tano. Najua simu zako. Najua umeanza kuogopa kupokea namba za nyumbani. Ukisema, "Hapana, mwaka huu nimemaliza," hujamkosea mtu, wala huhitaji kuandika maelezo ya kurasa mbili. Ukiona mtu ni mgomvi, au ana tarehe isiyosogea, mkatalie mapema badala ya kumpa matumaini. Na kabla hujawagawia marafiki, angalia kama mama yako yumo kwenye orodha yako. Wazazi mara nyingi wana nafasi yao, juu ya wageni, na wengi wenu hamjawahi kuwaandikisha kwa sababu marafiki walitangulia kuomba. Mshughulikie pasipoti na viza mwaka huu. Msafirishe Februari, katikati ya wiki, shule zikiwa zimefunguliwa na ndege hazina watu. Mnunulie tiketi kamili ya kipande cha Nairobi hadi Ulaya, yenye ruhusa ya kubadilisha tarehe, na uende ukutane naye huko mwenyewe, ili kama mtakosa kiti, mkose wawili.