Risala ya Wakazi wa Ihanja: Tunaomba Televisheni ya Umma ya Kanda ya Kati

Kwa: Waziri mwenye dhamana ya habari, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Kutoka: Wakazi wa Kata ya Ihanja, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida

Waheshimiwa,

Sisi ni wakulima wa alizeti, mtama na vitunguu, ni wafugaji, walimu, mama lishe na vijana wa bodaboda. Ombi letu ni moja, ingawa lina matawi: Serikali itoe leseni ya televisheni ya umma ya Kanda ya Kati, yenye makao Singida, itakayotangaza kwa Kiswahili na kutenga saa za kila siku kwa lugha za jamii za kanda hii. Tunasema Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kitaturu na Kihadzabe.

Singida inaonekana kwenye televisheni siku Simba au Yanga wanapokuja Uwanja wa Liti. Siku hiyo kamera zinafika, vibanda umiza vinajaa, na nchi nzima inaona mkoa wetu. Filimbi ya mwisho ikilia, magari ya matangazo yanaondoka. Uwanja wenyewe umepewa jina la mwanamke wa Kinyaturu, Liti, ambaye simulizi zetu zinasema aliwapinga Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne iliyopita. Watazamaji wangapi wanaolisikia jina hilo kila wiki wanajua ni la nani? Wanaoweza kusimulia habari zake kwa undani ni wazee wetu, na wanazisimulia vizuri zaidi kwa Kinyaturu. Wanazeeka, nao hawajarekodiwa.

Waheshimiwa, malalamiko yetu hayahusu uchache wa chaneli. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi vimeleta chaneli nyingi, nyingine kutoka mabara tusiyoyajua. Tunachokosa ni chaneli inayotujua.

Chukueni mfano wa mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Vuli, wa Oktoba hadi Desemba, na wa Masika, wa Machi hadi Mei, kwa maeneo yenye misimu miwili. Singida haimo humo. Sisi tuna msimu mmoja, unaoanza Novemba na kuisha Aprili, na Mamlaka huutolea utabiri wake. Lakini mkulima wa Ihanja anayefungua televisheni hukutana mara nyingi zaidi na mazungumzo ya Vuli na Masika, kwa sababu ndiyo mvua ya Pwani, ya Kilimanjaro na ya Ziwa, waliko watazamaji wengi na matangazo ya biashara. Anabaki kukisia. Akipanda mapema jua linaiunguza mbegu, akichelewa mtama haukomai. Mtaalamu wa kilimo akisimama shambani Ihanja mbele ya kamera, akaonyesha udongo ulivyolowa na kusema panda sasa au subiri, ataokoa mbegu nyingi kuliko semina. Ndivyo ilivyo pia kwa kiwavijeshi vamizi na kwa kwelea kwelea wanaoshuka kwenye uwele: mharibifu wa mazao anatambuliwa kwa kuonwa. Ndiyo maana tunaomba televisheni, wala redio peke yake haitutoshi.

Bei ya alizeti nayo imetuumiza. Iliposhuka mwaka 2023, mjadala wa ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ulifanyika Dodoma, karibu kabisa na sisi. Uliendeshwa kwa lugha ya bajeti. Mkulima aliyevuna magunia yake aliuona uamuzi kwenye mizani ya mnunuzi kabla ya mtu yeyote kumweleza ulitoka wapi. Hatudai kwamba televisheni ingeipandisha bei. Tunadai haki ya kuelezwa kwa wakati, haki iliyoandikwa katika Ibara ya 18 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi.

Sasa tunakuja kwenye lugha, na tunaomba mtusikilize kwa subira, maana hapa ndipo maombi ya namna hii hukwama.

Kanuni za maudhui ya utangazaji zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Kiswahili ni chetu. Kimetuunganisha na Mmakonde na Mhaya, na hakuna mtu Ihanja anayetaka kukiweka kando. Lakini kata hii ina bibi na babu wengi ambao Kiswahili chao ni cha sokoni: kinatosha kununua chumvi, hakitoshi kufuata maelezo ya chanjo, ya stakabadhi ghalani au ya fidia ya ardhi. Habari huwafikia kupitia mjukuu, na mjukuu hutafsiri alichokielewa na kuacha kilichomshinda. Wilaya yetu ina mgodi wa dhahabu Mang'onyi, na bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Tanga linapita mkoani. Haya ni mambo ya mikataba na mipaka ya mashamba. Mzee anayeweka dole gumba kwenye karatasi anastahili kuelezwa yaliyomo kwa lugha anayoota nayo.

Serikali yenyewe ilishalikubali jambo hili. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inataka jamii zijivunie lugha zao, na inahimiza taasisi za umma na za binafsi kuchapisha na kusambaza maandiko ya lugha hizo. Sera inafungua mlango, na kanuni za utangazaji zinaufunga. Tunaomba viwili hivyo vikae meza moja.

Tena nchi hii ina historia ambayo inatupa ujasiri. Miaka ya ukombozi, Redio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika vipaza sauti, nao wakazungumza na watu wao kwa Kireno, Kishona, Kindebele na lugha nyingine za kwao. Tanzania ilielewa wakati ule kwamba ujumbe mzito humfikia mtu kwa lugha ya nyumbani kwake. Tulichowapa majirani kwa ukarimu mkubwa, tunaomba sasa na sisi tupewe kwa kiasi.

Tunajua hofu iliyopo, na hatuidharau. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ilichochea mauaji ya kimbari. Kenya, baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, mtangazaji wa kituo cha Kikalenjin alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kesi yake ikasitishwa Aprili 2016 kwa ushahidi kutotosha. Lakini tazameni Rwanda kwa makini. Kinyarwanda kilikuwa lugha ya muuaji na ya aliyeuawa pia. RTLM ilikuwa kampuni ya watu wenye msimamo mkali na fedha, isiyodhibitiwa. Sumu ilitoka kwa wenye kituo. Kwa hiyo kinga yake ni umiliki wa umma, bodi yenye watu wa kila jamii, kumbukumbu za vipindi zinazohifadhiwa, na Kamati ya Maudhui ya TCRA inayofanya kazi yake. Kituo cha mfanyabiashara au cha chama hatukiombi.

Na mfanyabiashara mwenyewe hatakuja. Leseni za mkoa na wilaya zipo, lakini kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara kitaishi kwa kufuata wanunuzi, na wanunuzi wengi hawapo Ihanja. Wenzetu wameliona hilo zamani. Katika jimbo la Ontario, Kanada, wanaozungumza Kifaransa ni wachache katikati ya bahari ya Kiingereza. Soko lisingewajengea televisheni. Serikali ya jimbo iliwaanzishia chaneli Januari 1987, ambayo leo inaitwa TFO, na tangu 2007 ni shirika la umma linalojitegemea. Kanada haikuvunjika kwa sababu watoto wa Sudbury wanatazama katuni kwa Kifaransa. Karibu zaidi, shirika la utangazaji la umma la Kenya, KBC, lina huduma ya Mashariki inayotangaza kwa Kiborana, Kirendille, Kiturkana na Kisomali. Hata hapa nyumbani, wafugaji wa Kimaasai wa Terrat, Simanjiro, wamekuwa na redio yao ya jamii, Orkonerei, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na umoja wa taifa haujapata ufa.

Kwa hayo, tunaomba masafa ya televisheni ya umma yatengwe kwa Kanda ya Kati na leseni itolewe kwa chombo cha umma, kiwe tawi la shirika la utangazaji la taifa, TBC, au shirika jipya, lakini chenye wahariri wanaokaa Singida na bajeti inayoonekana. Kanuni za maudhui zirekebishwe ili chombo hicho kiruhusiwe kutangaza habari, kilimo, afya na masimulizi kwa lugha za jamii, vipindi vikiwa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha ili jirani asiyejua lugha hiyo naye afuate. Wahadzabe wa Mkalama, ambao ni wachache kuliko sote, wapewe muda wao bila kupimwa kwa wingi wa watazamaji.

Jambo la dishi tunaliwekea mkazo. Mwaka 2018 chaneli za bure ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia kwa sababu za leseni, na vijiji vilivyo mbali na minara ya ardhini ndivyo vilivyobaki na kioo kitupu. Leseni ya chaneli hii iandikwe tangu mwanzo kwamba kila kampuni ya ving'amuzi, vya dishi au vya antena, itaibeba bure, na kwamba itaonekana hata kifurushi kikiisha.

Fedha ya mnara na mitambo ya kurushia matangazo tunaomba ianzie kwenye Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya maeneo kama yetu. Mfuko huo unachangiwa na kampuni za mawasiliano, na sisi tunanunua vifurushi vyao kila siku. Mkoa wa Singida ulihesabiwa watu 2,008,058 katika sensa ya 2022. Hawa si wachache wa kusahaulika.

Mwisho, kabla uamuzi wowote haujatolewa, TCRA Kanda ya Kati ije kutoka Dodoma isikilize maoni hapa Ihanja, Puma na Sepuka, kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu, na wazee wapewe nafasi ya kusema bila mkalimani wa miaka kumi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wakazi wa Kata ya Ihanja