Njia ya kwenda kazini si moja

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, macho ya taifa huelekea kwa waliopata C+ na zaidi, ambayo ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu. Katika mtihani wa 2024 hao walikuwa takriban robo moja ya watahiniwa. Je, robo tatu waliosalia ni akina nani? Aghalabu tunawaita walioanguka, kisha tunanyamaza.

Neno hilo lina madhara. Kijana akiambiwa ameanguka hali ana miaka kumi na minane, ataingia katika chuo cha ufundi kama mtu anayetumikia adhabu. Mzazi wake naye atamtaja kwa sauti ya chini mbele ya majirani. Hali kadhalika, neno 'kibarua', ambalo asili yake ni barua ndogo, yaani kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa, leo hutumiwa kumdunisha mtu. 'Jua kali' nalo lilitokana na mafundi waliofua mabati na vyuma pasipo paa. Ilhali Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya 1972 kuhusu Kenya, lilikwisha kuonya kwamba sekta hiyo isibezwe, kwani ilikuwa ikiwalisha wengi.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, nia ilikuwa kumwezesha mwanafunzi kujitegemea. Useremala, ushonaji na kilimo vilifunzwa tangu shule ya msingi. Lakini wazazi walitwikwa gharama za karakana, walimu wa masomo hayo hawakutosha, na hatimaye masomo yenyewe yakapunguzwa. Kilichobaki imara ni mtihani. Mfumo uliokusudiwa kufungua njia nyingi ukageuka ngazi moja nyembamba.

Sasa mtaala wa umilisi umeigawa ngazi ya juu ya sekondari katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Wazo ni jema. Hata hivyo, tukiipanga mikondo hiyo kwa heshima, wa kwanza ukawa wa werevu na wa mwisho ukawa jalala la waliokosa nafasi, tutakuwa tumebadilisha jina tu.

Ukweli ni kwamba maisha ya vijana wetu hayafuati mstari ulionyooka. Yupo anayemaliza shahada, akasaga lami miaka miwili, kisha akarudi kusomea ufundi wa umeme. Yupo aliyeanza kama mwanagenzi gereji, akafanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, akapanda hadi la kwanza, na sasa anataka stashahada. Sheria ya mwaka 2014 ilianzisha mfumo wa kitaifa wa kulinganisha sifa za elimu na mafunzo, ili mtu kama huyu asianze upya. Vyuo na waajiri hawana budi kuitekeleza kwa dhati. Mlango ulioandikwa sheriani lakini umefungwa kwa kufuli haumsaidii mtu.

Walimu nao wana jambo wanaloweza kulitenda bila kusubiri wizara. Katika shule nyingi, ubao wa heshima huwataja tu waliojiunga na vyuo vikuu. Shule na iwafuatilie wahitimu wake wote kwa miaka mitano, kisha iandike pia fundi mitambo, muuguzi, mkulima na mwenye duka la ushonaji. Tena iwaalike waje wazungumze na wanafunzi, waeleze walivyofika na walikokwama.

Nanyi wanafunzi, wahenga walinena kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Hawakumaanisha muridhike na ujira duni. Walimaanisha kwamba kazi yoyote ya halali ni mahali pa kuanzia. Alama ya mtihani huonyesha ulipofika siku ile. Haisemi utakapofika.