Pembe Inapotoa Ushahidi

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka Ujiji na nchi za mbali, zikapita Tabora, zikabebwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi hadi Bagamoyo, kisha Unguja. Zilipokwisha kuchongwa vibao vya piano huko Ulaya na Marekani, nani angeweza kusema ndovu yule alilisha wapi?

Pembe yenyewe husema. Kaboni ina isotopi mbili zilizo thabiti, 12 na 13, zinazotofautiana kwa uzito. Ndovu alaye majani ya miti huwa na kaboni 13 chache kuliko yule alaye nyasi za mbugani. Strontiamu nayo hutoka katika mwamba, ikapita udongoni na majanini hadi kwenye pembe. Kwa hiyo uwiano wa strontiamu 87 na 86 katika itale ya kale ya Unyamwezi haufanani na ule wa matumbawe ya pwani.

Atomu hupimwaje uzito? Kipande kidogo cha pembe hutayarishwa, kisha atomu zake hunyang'anywa elektroni, zikawa ioni zenye chaji. Uga wa umeme huzitia mbio, zote kwa nishati sawa, zikaingia kati ya ncha za sumaku. Sumaku haiziongezei mwendo, huzipinda njia tu: iliyo nyepesi hukata kona kali, iliyo nzito huzunguka kwa upana. Kila kundi huangukia kipokeo chake, likahesabiwa. Francis Aston wa Uingereza alijenga chombo cha namna hii mwaka 1919, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1922.

Mwaka 2016 Ashley Coutu na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kwa isotopi pembe za biashara ile ya Afrika Mashariki. Njia hii ina mipaka, kwa kuwa sehemu mbili zenye mwamba na majani yanayofanana hutoa hesabu zinazofanana. Hata hivyo, pembe inayokamatwa leo mikononi mwa majangili yaweza kuhojiwa vivyo hivyo.

Basi ndovu amepata shahidi. Mpagazi aliyeinama chini ya mzigo ule, ambaye mara nyingi jina lake halikuandikwa, hana wa kumsemea ila masimulizi ya wajukuu zake. Wazazi, waulizeni wazee jioni ya leo, mkayaandike wanayoyakumbuka. Hakuna sumaku iwezayo kurudisha jina lililokwisha kusahauliwa.