Kabla ya Kuchimba Tudor

Majuzi nilialikwa katika shule moja ya upili hapa Tudor kusikiliza mdahalo wa wanafunzi. Hoja iliyowekwa mbele ya baraza ilikuwa kwamba kisiwa cha Mombasa kijengewe reli ya chini ya ardhi, na kwamba kituo chake cha kwanza kiwe papa hapa Tudor. Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi. Mwalimu aliyeketi kando yangu alicheka, akaninong'oneza, "Waache waote, mzee wangu."

Mimi sikucheka. Hoja yenyewe siiungi mkono, lakini walioipinga siku ile waliipinga kwa sababu dhaifu: ati sisi ni maskini, na mambo hayo ni ya Ulaya. La hasha! Cairo ilifungua reli yake ya chini ya ardhi mwaka 1987, ikawa ya kwanza barani Afrika. Humu humu nchini, tangu mwaka 2019 treni iendayo Suswa hupita ndani ya handaki la takribani kilomita 4.5 lililotobolewa katika vilima vya Ngong. Kuchimba kunawezekana, basi. Lililobaki ni kuuliza tunachimba ili kuponya ugonjwa gani.

Hapa ningependa walimu wa historia wanisaidie. Mwaka 1846 tume ya serikali ya Uingereza ilishauri kwamba reli zisiingie katikati ya jiji la London. Kampuni za reli zikaishia pembezoni. Vituo vya Paddington, Euston na King's Cross vikasimama mbali na maduka, ofisi na bandari. Abiria aliposhuka alikuwa bado hajafika aendako. Ilimlazimu kukodi gari la farasi, na magari hayo yakaziba barabara. Hatimaye, mwaka 1863, ikafunguliwa reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani, kutoka Paddington hadi Farringdon. Barabara ilifukuliwa, reli ikalazwa shimoni, paa la matofali likajengwa, na barabara ikarudishwa juu yake. Waliobomolewa nyumba zao ili njia ipite walikuwa, kama ilivyo ada ya dunia, akina yakhe. Kwa hiyo reli ya chini ya ardhi ilizaliwa kuwa dawa ya kosa: vituo vilikuwa vimewekwa mahali ambapo watu hawapo.

Je, hili halitukumbushi Miritini? Mnamo Aprili 2017 treni ya zamani ya abiria ilikoma kuja katika kituo cha kisiwani, kule mwisho wa barabara ya Haile Selassie, mtu aliposhuka akajikuta yuko mjini. Mwezi uliofuata ikazinduliwa treni mpya, yenye kasi na safi, nami sina kinyongo nayo. Lakini inakomea Miritini, bara, nje ya kisiwa. Mwanafunzi anayetoka Nairobi kuja Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kiko Tudor, hushuka na sanduku lake, na hapo ndipo safari ya pili huanza, kwa matatu au teksi, katika msongamano wa Changamwe na Makupa. Amevuka nusu ya nchi kwa raha, kisha anataabika katika kilomita chache za mwisho.

Waama, wazee wetu walipata usafiri wa heshima zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa ilikuwa na vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, na matawi ya reli hiyo yalifika mpaka milangoni mwa baadhi ya wakubwa. Aliyesukuma, bila shaka, alikuwa na maoni yake kuhusu heshima hiyo.

Binti mmoja katika mdahalo alitoa hoja iliyonigusa: kwamba kisiwa kimejaa, na nafasi iliyobaki ni chini tu. Lakini huko chini hakuko tupu. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki imekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye matundu kama sifongo, na maji ya bahari hupenya humo. Maji matamu tunayoteka visimani ni tabaka lililolala juu ya maji ya chumvi. Mjenzi wa kituo cha chini ya ardhi hana budi kutia kwanza kuta za zege pande zote, achimbe katikati yake, na avute maji kwa pampu usiku na mchana. Akivuta mengi, chumvi hupanda visimani, na nyumba za jirani huweza kutitia na kupasuka. Tena kituo kikiisha, huwa ni sanduku tupu lililozama majini, nalo hutaka kuelea mfano wa dau. Ni lazima sakafu yake iwe nzito mno au ifungwe kwa nguzo zilizopigiliwa mwambani. Chumvi nayo hutafuna chuma kilichomo ndani ya zege kwa muda wote wa uhai wa jengo.

Mhandisi anaweza kuyashinda yote hayo. Atakayelipa ni nani, na kisima cha nani kitaharibika, ndiyo maswali ambayo sikuyasikia mdahaloni. Wakazi wa Tudor na Mji wa Kale hutegemea visima kila mifereji inapokauka, na mifereji yetu hukauka mara nyingi.

Ilhali njia ya juu ya ardhi tunayo. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 inaingia kisiwani hadi leo, na kazi ya kuikarabati ili iunganishe Miritini na kituo cha zamani ilianzishwa miaka kadhaa baada ya treni mpya kuja. Ningetaka nguvu zetu za kudai zielekezwe huko: treni ngapi kwa siku, nauli gani, zisimame wapi njiani, na matatu za Tudor zikutane nazo saa ngapi.

Nimemwandikia mwalimu mlezi wa mdahalo ule. Nimemwomba awape wanafunzi wake wiki mbili: kundi moja lisimame kwenye kituo cha matatu cha Tudor kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, lihesabu abiria na kuwauliza waendako, kundi la pili lipime kina cha maji katika visima vya jirani, maji yakijaa na yakipwa, na kuonja chumvi yake. Kisha mdahalo urudiwe. Amenijibu kwamba kundi la visima limekwisha kujaa.